Fitzroy ilikuwa jiji kweli? Na nani aliifuta?

*"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu. Tulifika Melbourne kutoka kambi ya Nyarugusu na sasa tunakaa kwenye ghorofa za serikali za Atherton Gardens, mtaa wa Fitzroy. Mwanangu wa darasa la sita amepewa kazi ya shule aandike historia ya anapoishi. Jirani yetu, mzee wa Kiitaliano, anasema Fitzroy ilikuwa jiji kamili lenye meya wake, kisha likauawa kwa siku moja. Rafiki yangu anasema mzee anaota, Fitzroy ni jina la posta tu, halmashauri ni Yarra. Lakini pale Napier Street kuna jengo kubwa linaitwa Fitzroy Town Hall! Nani mkweli? Kama lilikuwa jiji, lilikosa nini hadi likafutwa? Na nina hofu yangu pia: tunasikia ghorofa zetu zitabomolewa. Halmashauri ile ingekuwepo, ingetutetea? Halafu, kabla ya ghorofa hizi hapa walikaa akina nani?"*

Marahaba, mama. Mzee hakuota. Fitzroy ilikuwa na halmashauri yake tangu Septemba 1858 hadi Juni 1994, karibu miaka 136, na kuanzia 1878 ilitambuliwa kisheria kuwa jiji. Rafiki yako naye hakusema uongo, ila anasema ya leo: sasa hivi Fitzroy ni mtaa ndani ya Jiji la Yarra, na kodi ya majengo, takataka na vibali vya ujenzi ni kazi ya Yarra. Umeuliza mambo manne. Hilo la mwisho ndilo litakalompa mwanao alama, na hilo la ghorofa ndilo linalokunyima usingizi, kwa hiyo hayo mawili nitakaa nayo zaidi.

Tuanze na hili la jiji. Mtu aliyekulia kwetu akisikia jiji anaona Dar es Salaam au Lubumbashi. Jiji la Fitzroy lilikuwa na eneo lisilofika kilomita za mraba 4. Kusini lilianzia Victoria Parade, magharibi likapakana na Carlton kwenye Nicholson Street, mashariki na Collingwood kwenye Smith Street. Kaskazini ukifika Park Street umekwisha kutoka. Mtu mzima angelivuka lote kwa miguu asubuhi na kurudi kabla chai haijapoa sana. Katika Victoria, jimbo la Australia ambamo Melbourne imo, karne ya 19, kilichopandisha hadhi ya manispaa ni pesa iliyokusanya, ukubwa wa ardhi haukuwa hoja. Mapato yakifika pauni 10,000 kwa mwaka iliweza kutangazwa mji, yakifika 20,000 iliweza kuwa jiji. Na Fitzroy, kwa jinsi nyumba zilivyobanana na baa na viwanda vilivyojaa kila kona, pesa ilikuwepo. Sensa ya 1891 ilikuta humo watu zaidi ya 30,000.

Sasa ilizaliwaje? Ardhi hiyo ni ya Wawurundjeri, wenyeji asilia wa hapa, ambao hawakuulizwa. Mwaka 1839 serikali ya kikoloni iliiuza kwa mapande makubwa ya ekari 25 hivi, na walionunua wengi walikuwa walanguzi. Kila mmoja alikata pande lake alivyotaka, akachora njia alivyotaka, akauza vipande. Hakukuwa na sheria ya kumwambia njia yake ikutane na ya jirani. Ndiyo maana hadi leo, upande wa kusini wa Fitzroy, unashika njia pana kidogo mara inakufia kwenye kichochoro cha mawe meusi. Vichochoro hivyo vilikuwa na kazi yake. Kabla ya mabomba ya maji taka, ambayo Melbourne ilianza kuyaunganisha mwaka 1897, nyumba zilitumia choo cha ndoo, na mzoaji alipita nyuma usiku. Mwambie mwanao aangalie kuta za nyuma za nyumba za zamani: kwenye baadhi bado kuna kimlango kidogo karibu na ardhi, siku hizi kimezibwa kwa matofali.

Wakati huo eneo hili lilikuwa kata ya Jiji la Melbourne, na kata ikapewa jina la Charles FitzRoy, gavana wa New South Wales. Wakazi walilipa kodi Melbourne, tope likabaki kwao. Mwaka 1851 dhahabu ikagunduliwa, watu wakamiminika kutoka kila upande wa dunia, na shida ikawa mara dufu. Majirani zao Collingwood na Richmond walipata manispaa zao mwaka 1855. Fitzroy haikuweza kufanya hivyo kirahisi kwa sababu ilikuwa ndani ya mipaka ya Melbourne, ilibidi imegwe. Tarehe 10 Septemba 1858 ikamegwa. Jengo la Napier Street, hiyo Town Hall, makao ya halmashauri, lilianza kusimama mwaka 1873 na likapanuliwa miaka ya mwisho ya 1880 hadi likawa hilo unaloliona, lenye ukumbi, polisi, mahakama na maktaba chini ya paa moja.  Collingwood nayo ilijenga lake miaka hiyohiyo ya 1880.

Nisikuchoshe na orodha ya mameya. Lakini kuna mambo matatu yanayoonyesha halmashauri ndogo kama ile iliweza kufanya nini, na yote bado unaweza kuyagusa. La kwanza ni bwawa la kuogelea la Alexandra Parade, lililofunguliwa mwaka 1908. Upande wa kina kirefu ukutani pameandikwa "Aqua Profonda", maji ya kina, kwa Kiitaliano chenye kosa la tahajia, kuwaonya watoto wa wahamiaji wa miaka ya 1950 ambao walikuwa hawajasoma Kiingereza. Jirani yako bila shaka analijua. La pili, Desemba 1972, chini kabisa ya Town Hall, mawakili walianza kutoa ushauri wa bure jioni baada ya kazi zao. Hiyo ndiyo Fitzroy Legal Service, moja ya vituo vya mwanzo kabisa vya msaada wa sheria wa jamii Australia, na ipo hadi leo. La tatu, mwaka 1977 serikali ya jimbo ilipoileta barabara kuu ya Eastern Freeway hadi mlangoni mwa Alexandra Parade, wakazi waliweka vizuizi barabarani, na halmashauri za Fitzroy na Collingwood zikasimama upande wao. Barabara ilifunguliwa hata hivyo. Nitarudi kwenye hilo, kwa sababu linajibu swali lako la hofu.

Sasa kufutwa. Unauliza lilikosa nini. Halikukosa kitu, mama, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea: wanatafuta kashfa, wizi, deni lililofichwa. Hakuna jambo kama hilo lililoifuta Fitzroy. Mwaka 1992 chama cha Liberal kikiongozwa na Jeff Kennett kilishinda uchaguzi wa Victoria, jimbo likiwa na madeni makubwa, na kikaamua halmashauri zilikuwa nyingi mno, ndogo mno, ghali mno. Zilikuwa 210. Baada ya mageuzi zilibaki 78. Fitzroy ilikuwa moja tu katika msafara mrefu. Tarehe 22 Juni 1994 ikaunganishwa na Collingwood na Richmond, na vipande kutoka kwa majirani, kama Carlton North iliyotoka Melbourne na Alphington na Fairfield zilizotoka Northcote, likapatikana Jiji la Yarra. Kwa hiyo hata hilo "kwa siku moja" la mzee ni kweli kisheria, ingawa mjadala ulikuwa umeanza kabla.

Iliwezekanaje bila kuwauliza wakazi? Kwa sababu nchini Australia halmashauri haina mizizi katika katiba ya taifa. Katiba ile iliyoanza kazi 1901 inataja serikali kuu na majimbo, halmashauri haizitaji kabisa. Mara mbili, 1974 na 1988, wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni kama ziingizwe, na mara zote mbili walikataa. Kinachobaki ni sheria za jimbo. Halmashauri ni kama mpangaji: anaweza kukaa miaka 136, akapaka rangi, akapanda miti, lakini hati ya nyumba iko kwa mwingine. Bunge la Victoria lilikuwa na uwezo wa kuizaa Fitzroy 1858 na likawa na uwezo uleule wa kuizika 1994. Hakuna kura iliyopigwa na wakazi. Madiwani waliondolewa, serikali ikateua makamishna, na Yarra ilikaa bila diwani aliyechaguliwa hadi 1996.

Kama una ndugu Dar es Salaam wa umri wako, wataelewa mara moja. Mwaka huohuo wa 1996 serikali ya Tanzania ilivunja Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam na kuweka Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja, ikakaa hadi zilipokuja manispaa za Kinondoni, Ilala na Temeke mwaka 2000. Sababu hazifanani, maana Dar palikuwa na malalamiko ya takataka na barabara kuwashinda, lakini mlango uliotumika ni uleule: mamlaka ya juu inaweza kuwarudisha madiwani nyumbani na kuleta wateule wake.

Kulikuwa na haki au hapakuwa? Watu wazima wenye akili timamu bado wanabishana. Wanaotetea wanasema jiji la kilomita za mraba zisizofika 4, ambalo kufikia miaka ya 1990 lilikuwa na watu wasiofika 20,000, halikuwa na sababu ya kuwa na mhandisi wake, wakurugenzi wake na malori yake, wakati ng'ambo ya Smith Street kuna mwingine mwenye seti ileile. Hoja hiyo ina uzito. Ukisimama Smith Street leo utajiuliza ilikuwaje upande wa kushoto uwe na sheria za maegesho tofauti na wa kulia. Lakini kuunganisha hakukuja peke yake. Kulikuja na amri ya kupunguza kodi za majengo kwa asilimia 20 na sheria ya kulazimisha huduma nyingi za halmashauri zitangazwe kwa zabuni, na wafanyakazi wengi wa halmashauri wakapoteza ajira. Akiba iliyoahidiwa na huduma iliyopungua vilifika kwenye gari moja, kwa hiyo ni vigumu mtu kukuambia kwa uaminifu kipi kilitokana na muungano na kipi na amri zile nyingine.

Kwangu mimi, hasara kubwa ilikuwa umbali, na bwawa ndilo ushahidi. Miezi michache baada ya kushika kazi, makamishna wa Yarra walitangaza kwamba bwawa la Fitzroy litafungwa kwa sababu ya gharama. Diwani wa zamani asingethubutu. Angekutana na wapiga kura wake sokoni jioni ileile. Kamishna hakuwa na mpiga kura. Maelfu waliandamana, wengine wakalikalia bwawa tupu kwa wiki kadhaa, na hatimaye lilifunguliwa tena. Ukimpeleka mwanao kuogelea pale, unafaidi mabishano ya watu ambao wakati huo hawakuwa na hata diwani mmoja.

Mzee anaweza kuchanganya hapa kitu kimoja, na si yeye pekee. Klabu ya mpira wa Australia ya Fitzroy, Simba wa Fitzroy waliotwaa ubingwa wa ligi mara 8, nayo ilipotea kwenye ligi kuu, ikaunganishwa na Brisbane. Hiyo ilikuwa 1996, kwa sababu za fedha za klabu, na Kennett hana mkono wa moja kwa moja humo. Misiba miwili kwa miaka miwili. Kwenye kumbukumbu za watu imekuwa mmoja. Mwanao akiitenganisha kwenye insha yake, mwalimu atajua amesoma.

Nije kwenye ghorofa. Ghorofa zenu nne, kila moja na sakafu 20, jumla nyumba 800, hazikujengwa na halmashauri ya Fitzroy na hazikuwa mali yake hata siku moja. Zilijengwa na Tume ya Nyumba ya Victoria, chombo cha jimbo kilichoanzishwa 1938 baada ya uchunguzi wa makazi duni ya Melbourne, ambamo vichochoro vya Fitzroy vilitajwa sana. Miaka ya 1960 Tume ilitwaa eneo lote kati ya Brunswick Street na Napier Street pale mlipo, ikabomoa nyumba, maduka na karakana, ikajenga. Halmashauri ilikuwepo, ikiwa na meya na joho lake, na haikuwa na uwezo wa kuzuia. Kilichopunguza kasi ya mabomoo ni wakazi: mwanzoni mwa miaka ya 1970 watu wa Brooks Crescent, North Fitzroy, walikataa kuondoka, vyama vya wakazi vikashikana, na katikati ya muongo ule sera ya kufyeka mitaa mizima ikafa.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: halmashauri ya zamani ingepiga kelele kwa niaba yenu, na pengine ingepiga vizuri, kama ilivyofanya 1977 kwenye barabara kuu. Kura ya turufu isingekuwa nayo. Yarra leo iko katika nafasi hiyohiyo. Mpango uliotangazwa Septemba 2023, wa kubomoa na kujenga upya ghorofa zote 44 za nyumba za umma za Melbourne ifikapo 2051, ni wa serikali ya jimbo, na hoja zenu zinapaswa kufika kwa mbunge wenu wa jimbo kuliko kwa meya. Diwani mwandikieni pia, lakini mjue anachoweza.

Hapa ndipo maelezo ya mtu wa historia yanapokoma. Ukipokea barua inayotaja kuhama, tarehe ya kuondoka au haki ya kurudi, usiitie saini kwa sababu jirani amesaini. Ipeleke kwa wakili wa masuala ya nyumba, ana kwa ana, na uombe mkalimani wa Kiswahili mapema. Usimtumie mtoto kutafsiri. Fitzroy Legal Service ni mahali pazuri pa kuanzia.

Sasa la mwanao. Hapa mlipo walikaa akina nani? Kwa ujumla: mafundi na vibarua wa Kiairishi, Kiskoti na Kiingereza wa karne ya 19, wafanyakazi wa viwanda, hasa vya peremende vya MacRobertson vilivyopakwa rangi nyeupe hadi mtaa ukaitwa Jiji Jeupe, familia za wenyeji asilia waliohamia mjini kutoka kwenye maeneo waliyofungiwa, ambao waliifanya Gertrude Street kuwa barabara yao. Mchungaji Doug Nicholls alihudumu kwenye kanisa dogo la Gore Street. Kabla ya hapo aliichezea klabu ya Fitzroy, na mwaka 1976 akawa gavana wa South Australia. Huduma ya Afya ya Wenyeji Asilia wa Victoria ilifunguliwa Gertrude Street mwaka 1973. Baada ya Vita vya Pili walikuja Waitaliano na Wagiriki, kisha ghorofa ziliposimama wakaja Wavietnamu, kisha watu wa Pembe ya Afrika, kisha nyinyi.

Lakini "kwa ujumla" haimpi mtoto alama. Mtafutieni nyumba moja. Maktaba ya Jimbo la Victoria imeweka mtandaoni ramani za maji taka za miaka ya 1890. Zilichorwa kwa kipimo kikubwa kiasi kwamba unaona kila nyumba, veranda, banda la farasi, hata choo cha uani. Tafuteni ramani ya kipande kati ya Brunswick na Napier, muone njia zilizolala chini ya bustani yenu, mchague nyumba moja na kuandika namba yake. Halafu fungueni vitabu vya anwani vya Sands & McDougall, vilivyotolewa hadi 1974 na vya miaka kadhaa viko mtandaoni: mnatafuta mtaa, kisha namba, mnapata jina la mkaaji. Rudieni hivyo kwa kila mwaka mnaoupata. Jina la Kiairishi litatoka, la Kiitaliano litaingia. Angalizo mbili: namba za nyumba zilibadilishwa mara kwa mara zamani, kwa hiyo hakikisheni kwa duka au baa ya kona ambayo haikuhama, na vitabu hivyo humtaja mkuu wa kaya tu, kwa hiyo mke, wapangaji wa chumba na watoto hawamo. Usimwache mtoto aandike kwamba nyumba ilikuwa na mtu mmoja.

Mkitaka zaidi, ndipo mnaingia kwenye daftari za kodi za halmashauri yenyewe. Kila mstari una jina la mkaaji, kazi yake, jina la mwenye nyumba, nyumba ni ya mbao au matofali, vyumba vingapi, na thamani yake ya kodi kwa mwaka. Ni hapo mtaona mwenye nyumba mmoja akimiliki safu nzima, na fundi viatu akilipa kodi ya vyumba vitatu. Fitzroy ilipofutwa, karatasi zake hazikufutwa. Madeni, mikataba na kumbukumbu vilirithiwa na Yarra, na daftari za zamani zinatunzwa na Ofisi ya Kumbukumbu za Umma ya Victoria, North Melbourne. Anzeni kwenye maktaba iliyo ndani ya Town Hall yenu, mwombe mkutubi wa historia ya eneo, kwa sababu yeye anajua mwaka upi uko wapi na atawapunguzia safari. Mkienda North Melbourne, jiandikisheni kwanza, ni bure, na agizeni daftari kabla ya siku ya kwenda, kwa kuwa hutolewa ghalani na haliwangojei mezani.